Zaka, sadaka na maskini: namna ya kuvisoma vitabu vya wasomi kuhusu Asia

Mara ya kwanza nilipokisoma kitabu cha James Scott kuhusu kijiji cha wakulima wa mpunga kaskazini mwa Malaysia, nilikuwa nimeketi kwenye meza ya mwisho ya maktaba ya chuo, na nakala niliyoazima ilikuwa imeachia jalada kwa kupita mikononi mwa wengi. Kitabu chenyewe, Weapons of the Weak, yaani Silaha za Wanyonge, kilichotoka mwaka 1985, si chepesi: majedwali ya ukubwa wa mashamba, magunia na viwango vya ujira yanafuatana, na hoja za nadharia zinachukua sura nzima nzima. Lakini kila baada ya kurasa chache lilijitokeza neno la Kimalei lililoandikwa kwa herufi za mlazo, nami nikajikuta siyahitaji maelezo ya mwandishi yaliyolifuata. Zakat. Sedekah. Miskin. Hata jina la bandia ambalo Scott alikipa kijiji hicho, Sedaka, lilinigusa kama jina la mtaa wa jirani. Wakulima wa Kedah, jimbo kilipo kijiji hicho, ambao sijawahi kuwaona, walikuwa wakigombana juu ya haki na wajibu kwa maneno ambayo mimi niliyasikia barazani kabla sijaenda shule.

Tangu siku hiyo nimekuwa na kipimo changu cha vitabu vya kitaaluma kuhusu siasa na jamii za Asia. Ni vitabu vingi mno, na jina lenyewe la rafu vinapowekwa linafunika zaidi ya nusu ya wanadamu wote, kuanzia wavuvi wa Ufilipino hadi mawakili wa Seoul, watu wasiokuwa na serikali moja, dini moja, wala historia moja. Msomaji hawezi kuvimaliza. Anachoweza ni kuuliza maswali mawili kabla ya kukiamini kitabu: mwandishi aliwasikiliza watu kwa lugha gani, na baada ya kusikia alifanya nini na alichosikia. Naamini maswali hayo yanafaa kuliko kuangalia chuo alichotoka mwandishi au nadharia anayoipigia debe, na ninataka kuyatumia hapa kwa vitabu vichache ninavyovijua, hasa vya Asia ya Kusini Mashariki.

Nianze na Sedaka, kwa sababu ndipo pana utajiri mwingi zaidi. Scott alikuwa profesa wa sayansi ya siasa aliyekwisha kujipatia jina. Mwaka 1976 alikuwa ametoa kitabu kuhusu maasi ya wakulima wa Burma na Vietnam, alichokijenga kwa kiasi kikubwa juu ya nyaraka za wakoloni, na hoja yake ilisimama juu ya picha aliyoiazima kwa mwanahistoria R. H. Tawney: mkulima maskini ni mtu aliyesimama majini hadi shingoni, na kiwimbi kidogo tu chaweza kumzamisha. Mtu mwenye hali hiyo, alisema Scott, hatafuti faida kubwa, anatafuta asizame. Hoja ilikuwa na nguvu, ikapingwa kwa nguvu vilevile, hasa na Samuel Popkin mwaka 1979, aliyedai kwamba mkulima wa Vietnam alikuwa mtu wa kupiga hesabu za faida yake kama mfanyabiashara yeyote. Ugomvi huo ungeweza kuendelea kwenye majarida hadi wahusika wastaafu. Badala yake Scott alikwenda Kedah, akakaa kijijini kwa miezi 14 kati ya mwaka 1978 na 1980, akisikiliza kwa Kimalei.

Alichokikuta ni kijiji cha kaya 70 na kitu ndani ya uwanda wa Muda, ambako skimu kubwa ya umwagiliaji, iliyojengwa kwa sehemu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikuwa imewawezesha watu kulima mpunga mara mbili kwa mwaka. Kwa takwimu za serikali huo ulikuwa ushindi: mavuno yalipanda, nyumba za mbao zikaezekwa mabati. Kisha katikati ya miaka ya 1970 zikaja kombaini, zile mashine kubwa zinazokata na kupura kwa mpigo mmoja. Kabla ya hapo mwenye majaruba mengi alimhitaji asiye na shamba mara tatu kwa msimu, wakati wa kupandikiza, wa kukata na wa kupura, na kwa kuwa alimhitaji alilazimika kumtunza: alimwalika kwenye karamu, alimkopesha mpunga wakati wa njaa, na baada ya mavuno alimwongezea juu ya ujira kipimo kilichoitwa zakat peribadi, zaka ya mkono kwa mkono, tofauti na ile rasmi inayokusanywa na dola. Kombaini ilipoingia, mwenye shamba hakumhitaji tena yule mtu. Zaka ikapungua, mialiko ikakoma, na baadhi ya wapangaji wa mashamba wakanyang'anywa ili mwenyewe alime kwa mashine.

Mwandishi wa ripoti angeishia hapo. Scott alianza hapo, kwa sababu alikuwa amekaa muda wa kutosha kusikia jinsi jambo hilo hilo lilivyosimuliwa kwa namna mbili. Kitabu kinafunguka kwa kifo cha binti mdogo wa Razak, mtu fukara kuliko wote kijijini, na mara kinamweka kando yake tajiri aliyepewa jina la Haji Broom, ambaye sifa zake za ubahili zilikuwa zikisimuliwa hata baada ya kufa. Matajiri walipenda kumsimulia Razak, kuonyesha kwamba umaskini ni uvivu na udanganyifu. Maskini walipenda kumsimulia Haji Broom, kuonyesha mali inavyopatikana. Kila hadithi ilikuwa onyo: maskini asiwe kama Razak, tajiri asiwe kama Haji. Na maneno waliyokuwa wakirushiana yalikuwa machache, yakirudiwa kila siku: kedekut, yaani bahili, berkira, yaani mtu wa kuhesabuhesabu, sombong, neno ambalo nitalirudia mwishoni.

Vilevile kulikuwa na vitendo. Usiku betri za kombaini zilichomolewa zikatupwa mferejini, mchanga na tope vikatiwa kwenye matangi ya mafuta. Magunia ya mpunga yaliyolala shambani yakapungua bila mwizi kujulikana. Wanawake waliokuwa wakipandikiza kwa vikundi walijaribu, bila kutangaza mgomo, kuchelewa kwenda kwenye mashamba ya wale waliovuna kwa mashine. Hakuna hata kimoja katika hayo kilichosimamisha kombaini, na Scott hakudai hivyo. Alichodai, na hapa ndipo kitabu kilipobadilisha masomo ya siasa duniani, ni kwamba ukimya wa maskini mbele ya mkubwa hauthibitishi kuwa wamekubali. Hadharani walichekea, walishukuru, walibusu mkono. Pembeni walisema mengine. Mtafiti anayefika na dodoso la siku mbili, akifuatana na mwenyekiti wa tawi la chama, angeondoka na yale ya hadharani peke yake, na angeandika kwamba Sedaka kuna utulivu.

Kuna jambo msomaji wa Kiswahili analiona hapo ambalo nadhani msomaji wa Chicago hulipita. Ugomvi wa Sedaka haukuwa wa mishahara kwanza. Maskini hawakusema kwamba mwenye shamba amevunja mkataba. Walisema amevunja zaka. Walimshitaki kwa sheria ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameikubali msikitini, na ndiyo maana shitaka lilimuuma, ndiyo maana alitafuta visingizio vya kwamba wale watu ni wavivu na hawastahili. Mtu aliyekulia mahali ambapo jirani akipika pilau la arusi bila kuwaita watu wa mtaani husemwa kwa miaka mitatu anaelewa jambo hilo bila nadharia yoyote.

Sasa uchukue mwandishi huyo huyo miaka 13 baadaye. Mwaka 1998 Scott alitoa kitabu chake mashuhuri zaidi, Seeing Like a State, kuhusu jinsi serikali zinavyoitazama jamii kutoka juu, na ndani yake kuna sura nzima juu ya vijiji vya ujamaa Tanzania, hasa operesheni za mwaka 1973 hadi 1976 zilizohamisha mamilioni ya watu. Kitabu kinavyosifiwa kwetu ni kwa ajili ya sura hiyo. Nami nakubali sehemu kubwa ya hoja yake: kwamba wapangaji walipenda nyumba zilizopangwa mstari mmoja kando ya barabara kwa sababu mstari huonekana vizuri kwenye ramani na kwa mgeni rasmi, wakati mkulima alikuwa ametawanya vishamba vyake kwa akili, kimoja bondeni, kingine mlimani, mvua ikikosa huku ipatikane kule.

Hata hivyo, sura ile imejengwa juu ya maandishi ya watafiti wengine, na ukiisoma mara baada ya kitabu cha Sedaka utashangazwa na ukimya uliomo. Wapangaji wanasikika. Nyerere anasikika, pamoja na washauri wa kigeni. Mwanakijiji aliyebomolewa nyumba hasemi. Hakuna neno moja linalofanya kazi ambayo zakat ilifanya Kedah, wakati kila mzee wa Kitanzania aliyeishi kipindi hicho analo: neno operesheni lenyewe, jinsi lilivyotoka kwenye lugha ya jeshi na serikali likawa namna ya kuhesabu miaka, mtu akisema mwanawe alizaliwa mwaka wa operesheni. Ndani ya neno hilo mna hofu, mna kejeli, na kwa wengine mna kumbukumbu ya shule na zahanati ya kwanza. Kitabu kinachowalaumu watawala kwa kutazama kutoka juu kilihitaji, katika sura hiyo, mwandishi ashuke. Silisemi hili kumshusha Scott, aliyefariki mwaka 2024 na ambaye ninamdai shukrani nyingi. Nalisema kwa sababu wanafunzi wetu hulinukuu toleo la juu juu la mwandishi huyo kuhusu kwao wenyewe, na kuliacha toleo lake bora kuhusu Malaysia.

Je, kujua lugha kunatosha? Hapa ndipo swali langu la pili linapoingia, na jibu liko Java. Clifford Geertz alifika Pare, mji mdogo wa Java Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akajifunza Kijava na Kiindonesia, na vitabu alivyoviandika kuhusu mji huo, alioupa jina la Modjokuto, vimesomwa na vizazi vitatu vya wanaanthropolojia. Mwaka 1960 aliwagawa Wajava katika mikondo mitatu: abangan wa vijijini wenye mila zao za mizimu na karamu, santri wanaoshika Uislamu kwa makini, na priyayi, watu wa ofisi na makasri. Wasomi wa Indonesia walimkosoa mapema kwamba kundi la tatu ni tabaka la kijamii, wala si aina ya dini, kwa maana priyayi anaweza kabisa kuwa mcha Mungu wa kuswali mara tano. Walikuwa na haki. Miaka mitatu baadaye aliandika kwamba wakulima wa Java waligawana umaskini kwa usawa, wakibanana kwenye majaruba yale yale, na watafiti waliofuata wakakuta kwamba hata enzi za wakoloni vijiji vilikuwa na wenye ardhi na wasio nayo, na kwamba hapakuwa na usawa wa kugawana.

Hayo ni makosa ya kawaida ya kitaaluma. Lililo zito zaidi ni hili. Kuanzia Oktoba 1965 jeshi la Indonesia na makundi yaliyoliunga mkono waliwaua watu wanaokadiriwa kufikia nusu milioni au zaidi, kwa tuhuma za ukomunisti, na Java Mashariki pamoja na Bali zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata maafa makubwa kuliko zote. Insha ya Geertz kuhusu jogoo wa kupiganishwa huko Bali, iliyotoka miaka michache baada ya mauaji, ni moja ya insha zinazosomwa sana katika sayansi za jamii. Inafunguka kwa tukio la kupendeza la mwaka 1958, polisi wanavamia mchezo, naye na mkewe wanatimua mbio pamoja na wanakijiji na kwa mbio hizo wanakubalika kijijini. Kisha zinakuja kurasa nyingi za uchambuzi wa damu, heshima na kamari. Mauaji ya maelfu kwa maelfu ya Wabali yametajwa. Yametajwa kwenye tanbihi ya mwisho. Niliisoma insha hiyo mara mbili kabla ya kuiona tanbihi, na tangu nilipoiona siwezi kuisoma kama zamani. Mwandishi alikuwa na lugha, alikuwa na sikio, alikuwa na kalamu ambayo wachache wamejaaliwa, lakini aliamua kuitazama jamii kama maandishi ya kufasiriwa, na waliokufa hawakuwa na nafasi kwenye maandishi hayo isipokuwa chini ya mstari.

Mlinganishe na Benedict Anderson. Alizaliwa Kunming, China, mwaka 1936, akasoma Uingereza, akaenda Chuo Kikuu cha Cornell, na mwishoni mwa mwaka 1961 akafika Jakarta, alikokaa zaidi ya miaka miwili. Mauaji yalipotokea, yeye na wenzake walikaa Cornell wakisoma magazeti ya Kiindonesia na nyaraka nyingine zilizowafikia, wakaandika uchambuzi uliotia shaka maelezo ya jeshi kwamba chama cha kikomunisti ndicho kilichopanga jaribio la mapinduzi lililotangulia mauaji hayo. Uchambuzi ulivuja. Mwaka 1967 Anderson alihudhuria kesi ya Sudisman, mmoja wa viongozi wa chama hicho, aliyehukumiwa kifo, na baadaye akaitafsiri hotuba yake ya mwisho mahakamani. Serikali ya Suharto, jenerali aliyeshika madaraka baada ya mauaji hayo, ilimfukuza mwaka 1972, na hakuruhusiwa tena hadi Suharto alipoanguka mwaka 1998. Miaka 26 mtaalamu wa Indonesia hakuikanyaga Indonesia.

Adhabu hiyo ndiyo iliyotuzalia kitabu. Alipofungiwa mlango alijifunza Kithai, kisha Kitagalog, akaanza kuzilinganisha nchi ambazo wataalamu huzigawana kila mmoja yake, na mwaka 1983 akatoa Imagined Communities, yaani Jamii za Kufikirika, akieleza jinsi watu wasiojuana, na ambao hawatajuana maisha yao yote, wanavyokuja kujiona taifa moja kupitia magazeti, riwaya na lugha ya machapisho. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka kwanza kwa Kijapani mwaka 2009, alipenda kurejea methali ya Wamalei na Waindonesia, katak di bawah tempurung, chura chini ya kifuu, kwa maana kwamba chura aliyekaa gizani muda mrefu huamini kifuu ndiyo mbingu. Kwa mtu wa pwani yetu methali hiyo haihitaji tanbihi. Kifuu anakijua, huenda alikichezea. Anderson aliitumia kuwaambia wasomi wenzake watoke.

Kuna sehemu ya kitabu hicho ambayo naisoma kwa hisia za mtu anayejiona kwenye kioo cha jirani. Kiindonesia kilitokana na Kimalei cha biashara, lugha ya bandari na mashua, ambayo haikuwa lugha ya kabila kubwa kuliko yote, na tarehe 28 Oktoba 1928 vijana waliokutana Batavia, Jakarta ya leo, waliapa kwa nchi moja, taifa moja na lugha hiyo moja. Mwaka huo huo wa 1928, mwezi Juni, mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha mbili za pwani, hatua mbili za kuelekea lugha ya taifa, mwaka mmoja. Lakini waliokutana Batavia walikuwa vijana wenye nchi, na waliokutana Mombasa walikuwa hasa maofisa wa serikali za kikoloni na wamisionari. Mtafiti wa Kiswahili angeweza kuandika kitabu kizima juu ya tofauti hiyo: kwamba Kiswahili kilisanifishwa kwanza kwa ajili ya shule na ofisi, na ndipo baadaye, mikononi mwa TANU, kikafanya kazi ambayo Kiindonesia kilikuwa kimeapiwa tangu mwanzo. Wanafunzi wetu humnukuu Anderson kila mwaka, lakini ulinganisho huo ninaukosa mara nyingi pale ambapo ungekuwa na faida zaidi kuliko nukuu ya kumi ya kwamba taifa ni jamii ya kufikirika.

Na Anderson mwenyewe alisahihishwa na mtu wa huko. Thongchai Winichakul alikuwa kiongozi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Thammasat, Bangkok, siku ya tarehe 6 Oktoba 1976, polisi na wanamgambo walipowaua wanafunzi uwanjani. Alifungwa karibu miaka miwili, kisha akaenda kusoma Sydney. Tasnifu yake, iliyokuja kuwa kitabu mwaka 1994, inaonyesha kwamba falme za Siam, Thailand ya leo, na jirani zake hazikuwa na mipaka ya mstari. Mfalme mdogo aliweza kupeleka kodi ya utii kwa wakubwa wawili kwa mpigo, na Kambodia ilifanya hivyo kwa Siam na Vietnam. Ramani ya kisasa ilipofika ndipo mwili wa nchi ulipochorwa, na ukishachorwa watawala wakaanza kulia kwamba Wafaransa wamewakata viungo, viungo ambavyo kabla ya ramani havikuwa vya mwili wowote. Anderson alipolitoa upya toleo la kitabu chake mwaka 1991 aliongeza sura juu ya sensa, ramani na makumbusho, na kwa upande wa ramani alimtegemea waziwazi Thongchai, ambaye tasnifu yake ilikuwa bado haijachapishwa. Hivyo ndivyo ninavyotaka taaluma ifanye kazi: mwandishi mashuhuri kumkiri hadharani kijana anayeijua lugha na nchi kuliko yeye.

Wengi hudhani kwamba wasomi wa Asia walianza kujibu baada ya Edward Said kutoa kitabu chake kuhusu jinsi Magharibi ilivyoitazama Mashariki, mwaka 1978. Mwaka mmoja kabla, Syed Hussein Alatas, aliyezaliwa Bogor na kufundisha Singapore, alikuwa ameshachapisha The Myth of the Lazy Native, kuhusu uzushi wa mwenyeji mvivu. Hoja yake inaweza kuelezwa kwa sentensi moja: Mmalei aliyelima mpunga wake na kuvua samaki wake aliitwa mvivu kwa sababu alikataa kwenda kufanya kazi kwenye migodi na mashamba ya mpira ya wakoloni, na kuli wa Kichina aliitwa mchapakazi kwa sababu hakuwa na njia ya kukataa. Babu zetu waliotozwa kodi ya kibanda ili walazimike kwenda kwenye mashamba ya mkonge waliitwa jina hilo hilo. Lakini kinachonifanya nimheshimu Alatas zaidi ni sehemu ya pili ya kitabu, ambako anawageukia watawala wa Malaysia huru na kuonyesha, kwa kukichambua kitabu kilichotolewa na chama tawala mwaka 1971, kwamba walikuwa wameirithi dharau ile ile na kuwarushia wananchi wao. Ni rahisi kumkosoa mkoloni aliyekwisha kuondoka. Alatas alimkosoa waziri aliye ofisini.

Fei Xiaotong, mwanasosholojia wa China, aliilipa gharama hiyo kwa miaka mingi ya maisha yake. Mwishoni mwa mwaka 1935, akiwa mtafiti kijana katika milima ya Guangxi, alinasa kwenye mtego wa chui milia. Mkewe, waliyeoana miezi michache tu kabla ya hapo, alikwenda kutafuta msaada akafa njiani. Alipokuwa akijiuguza alikwenda Kaixiangong, kijiji cha wafuga nondo wa hariri ambako dada yake alikuwa akiwasaidia wanakijiji kuanzisha ushirika, na kutokana na kijiji hicho akaandika tasnifu iliyochapishwa London mwaka 1939. Mwaka 1957 alirudi Kaixiangong, akaandika kwamba viwanda vidogo vya vijijini vifufuliwe kwa sababu kilimo peke yake hakiwatoshi wanakijiji, na mwaka huo huo akapachikwa jina la mtu wa mrengo wa kulia na kunyamazishwa kwa zaidi ya miaka 20. Viwanda vya vijijini vilipokuja kuinua uchumi wa China katika miaka ya 1980, alikuwa mzee, ameruhusiwa tena kuandika.

Kuhusu vitabu vikubwa vinavyoizungumzia Asia yote kwa mpigo, sina mengi. Benki ya Dunia ilitoa mwaka 1993 taarifa yake kuhusu muujiza wa Asia Mashariki, ikizipanga nchi na maeneo 8 pamoja, na miaka minne baadaye sarafu ya Thailand ilianguka ikivuta na nyingine. Wakati huohuo Lee Kuan Yew, aliyekuwa waziri mkuu wa Singapore, na wenzake walikuwa wakisema kwamba demokrasia ya vyama haiendani na maadili ya Waasia. Kim Dae-jung, aliyenusurika kuuawa na watawala wa kijeshi wa nchi yake, akawajibu kwamba Asia ina urithi wake mwenyewe wa kuwawajibisha watawala, na baadaye akachaguliwa rais wa Korea Kusini. Kwetu kitabu cha aina hiyo hununuliwa haraka kuliko vyote vingine, kwa sababu kiongozi anaweza kuchomoa humo sentensi moja ya kuhalalisha anachotaka kufanya. Nakiona kuwa ndicho chenye faida ndogo kuliko vyote.

Ninachokililia ni kwamba sisi bado tunaisoma Asia kwa Kiingereza, kupitia macho ya watu wa tatu. Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na vyuo vya Beijing na Osaka vimetoa wataalamu wa lugha yetu kwa miongo mingi. Upande wetu, tangu Taasisi ya Confucius ilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, vijana wengi wa Afrika Mashariki wamejifunza Kichina, na karibu wote niliowahi kuzungumza nao walitaka kazi ya ukalimani kwenye ujenzi au biashara ya kuagiza bidhaa. Siwalaumu, mtu ana kodi ya nyumba ya kulipa. Lakini mmoja tu kati ya mia angekaa miezi 14 katika kijiji cha Jiangsu, au katika mtaa wa wafanyakazi wa viwanda huko Penang, akaandika kwa Kiswahili alichokisikia, tungeanza kupata maswali ambayo hayajapita kwanza Ithaca, mji wa chuo cha Cornell, au London.

Wakati tukimsubiri, tafsiri ingefaa. Kama ningepewa mwaka mmoja na malipo ya kunitosha, ningeanza na kitabu cha Sedaka. Zakat na miskin ningeyaandika kama tunavyoyaandika, na msomaji asingejua kwamba yamevuka bahari. Kedekut ningeandika bahili. Taabu ingekuwa sombong. Kamusi ingenipa kiburi, lakini kiburi ni kizito mno na kina harufu ya mimbari. Mwanakijiji wa Kedah humwita sombong mwenzake aliyepata uwezo kidogo akaanza kujitenga, haji tena kukaa na watu, hafiki msibani, akifanya shughuli yake anaalika wageni wa mjini na kuwaruka wa jirani. Nimelitafuta neno kwenye vitabu nikalikosa, nikalikuta mtaani, kwenye midomo ya kina mama wanaochota maji bombani, wakimtazama mtu anayepita bila salamu: huyo siku hizi anajisikia.